Kwa nini nilifuta programu yangu ya kuhesabu kalori

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, kisha nikapotea wiki tano nzima. Sehemu hiyo inakuja, msinikatie tamaa. Lakini leo naomba ruhusa niongee juu ya kitu kingine kabisa: tumbo. Langu, kwa kuanzia.

Nilipomaliza chuo nilikuwa na kilo 67. Miaka minne baadaye, baada ya kazi mbili na usiku mwingi wa kusaka hitilafu, mizani ya kliniki ilisoma 86. Mhudumu akanipima presha, akaandika 142 juu ya 91, akaniangalia. "Kijana, una miaka mingapi?" Nikamwambia 27. "Nyumbani kuna mtu mwenye sukari?" Nikamwambia baba. Hakusema zaidi. Aliongeza tu mstari mmoja kwenye kadi yangu. Nilitoka pale nimeshtuka kuliko kama angenifokea.

Baba alipatikana na sukari akiwa na miaka 44. Nimekua nikimwona akijidunga insulini kabla ya kukaa mezani. Kwa hiyo hili la uzito kwangu si suala la kupendeza kwenye picha.

Sasa, mwandishi wa programu akipata shida hufanya nini? Anaandika programu!

Programu yangu

Wikendi moja niliketi nikaitengeneza. Upande mmoja orodha ya vyakula, upande wa pili kiwango changu cha siku, kilokalori 1,800. Kila nikila naandika, programu inatoa, na kilichobaki kinaonekana juu ya skrini kwa rangi ya kijani, manjano au nyekundu. Data niliitoa kwenye majedwali ya vyakula vya Kenya yaliyotolewa mwaka 2018 na serikali yetu pamoja na FAO. Kazi nzuri sana hiyo, mna vyakula vyetu wenyewe ndani yake.

Shida ya kwanza ilikuwa ugali. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban kilokalori 360, hilo ni rahisi. Lakini nani anakula unga? Ugali una maji, na maji hutegemea mpishi. Wa mama yangu ni mgumu, unaweza kujengea ukuta. Wa kibanda cha karibu na ofisi ni laini. Tena nyumbani ugali unawekwa katikati ya meza, kila mtu anamega. Nilichomega mimi nitakipima vipi? Jumapili moja nilikuja na mizani ndogo ya jikoni. Mama alinitazama, akaniuliza kama nimeanza biashara ya dhahabu.

Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi na ilinichukua miezi miwili kuiona. Saa tatu usiku programu inaniambia nimebakiwa na 400. Sina njaa. Lakini si ni zangu hizo? Nimezitolea jasho! Basi nakula chapati. Siku nyingine nimetoka kucheza mpira, njaa inaniuma kwelikweli, na programu inasoma sifuri kwa rangi nyekundu. Nalala njaa, asubuhi nafika kibandani na kumaliza mandazi matano kabla chai haijapoa. Nilipungua kilo 4 kwa miezi miwili, nikarudisha 5 kwa miezi mitatu.

Nikaifuta. Na sijaijutia.

Hoja yangu leo ni hii. Njaa na shibe ni vihisi, na kwa wengi wetu vinafanya kazi. Vyangu havikuwa vimeharibika. Nilikuwa navisoma vibaya, katika mazingira mabaya, na badala ya kurekebisha mazingira nikaandika programu ya kuvipuuza.

Saa ya John Walker

Wakongwe wa fani hii watanikumbusha John Walker. Huyu alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Autodesk, kampuni ya AutoCAD, na alifariki mwaka 2024. Mwaka 1991 alitoa kitabu kiitwacho The Hacker's Diet, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikipatikana bure mtandaoni. Anautazama mwili kama mhandisi anavyotazama mtambo: kuna kinachoingia na kinachotoka. Halafu analeta wazo la saa ya kula, yaani saa ya mkononi ambayo ingekuambia sasa kula, sasa acha. Kwa maoni yake kuna watu waliozaliwa nayo ndani, na sisi wengine hatuna ya kutegemea, hivyo tujitengenezee kwa kuhesabu kalori na kupima uzito.

Nakiheshimu kitabu hiki, na baadaye mtaona kuna kitu nimekichukua humo. Lakini hapo kwenye saa sikubaliani naye. Wakati ule mengi yalikuwa bado hayajajulikana. Leptini iligunduliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Ni homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo akiba iliyopo. Ghrelini ikafuata mwaka 1999 huko Japani. Hiyo hutoka hasa tumboni, hupanda kabla ya mlo na kushuka baada ya kula. Kuna pia neva zinazopima jinsi tumbo lilivyotanuka, na homoni za utumbo, mojawapo ikiitwa GLP-1, zinazopeleka habari kwamba chakula kimefika.

Hiyo GLP-1 mmeisikia hata kama hamkujua jina lake. Dawa ya semaglutide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya kupunguza uzito, inaiga homoni hii. Kazi yake kubwa ni kuongeza sauti ya ishara ya shibe. Mtu anajikuta ameacha nusu sahani bila kupigana na nafsi yake. Yaani dawa inayozungumzwa dunia nzima inapita kwenye waya uleule ambao tuliambiwa umekatika!

Kwa hiyo saa ipo. Ila ina tabia moja ambayo kila mwandishi wa programu anaijua: inachelewa. Kati ya kumeza na ubongo kupata habari kamili hupita muda, na makadirio ya kawaida ni kama dakika 20. Ukimaliza sahani ya chipsi kwa dakika sita, umeshafanya maamuzi yote kabla jibu halijarudi. Ni kama mtu anayebonyeza kitufe cha kutuma pesa mara nne kwa sababu ukurasa umechelewa kufunguka. Mfumo haukuwa na kosa. Ujumbe ulikuwa njiani.

Nani anaivuruga saa hii?

Nikitazama maisha yangu ya miaka ile minne naona wavurugaji watatu.

1. Meza ya kazi. Nilikuwa nakula mbele ya kipakatalishi, mkono mmoja kwenye kibodi. Jioni ungeniuliza nimekula nini mchana ningelazimika kufikiri. Nilitaka kutaja hapa lile jaribio maarufu la mwaka 2005 la bakuli la supu linalojijaza lenyewe kisirisiri, la Brian Wansink. Nililipenda sana. Lakini mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Cornell kiliamua kwamba mtafiti huyo alikiuka maadili ya utafiti, na makala zake nyingi zimefutwa na majarida yaliyozichapisha, kwa hiyo nimeliacha. Hatujengi juu ya maktaba yenye hitilafu. Nitasema tu nilichokiona kwangu: nikila huku nikisoma msimbo, kinachonisimamisha ni sahani kuwa tupu.

2. Usingizi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana 12 wenye afya, wakawalaza saa 4 tu kwa siku mbili, na wakati mwingine saa 10. Walipolala kidogo, leptini ilishuka kwa asilimia 18 na ghrelini ikapanda kwa asilimia 28. Njaa nayo ikapanda, hasa ya vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Ni utafiti mdogo, najua. Lakini nikiusoma namwona yule mimi wa siku ya kuzindua mfumo, saa tisa usiku, na pakiti ya biskuti ambayo sikumbuki kuifungua. Kihisi kilikuwa kinasema kweli kuhusu mwili usiolala. Dawa ya njaa ile ilikuwa kitanda.

3. Chakula chenyewe. Hili ndilo lililonibadilisha mawazo zaidi. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za afya za taifa huko Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa uangalifu mkubwa. Watu 20 waliishi kituoni wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula visivyosindikwa. Milo ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa ale kadiri anavyotaka. Katika chakula cha kiwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku na kuongezeka karibu kilo moja. Katika kile kingine walipungua karibu kilo moja. Na chakula cha kiwandani walikila kwa kasi zaidi.

Angalia vizuri hapo. Watu walewale, vihisi vilevile, amri ileile ya kula kwa njaa. Data iliyoingia ndiyo iliyobadilika. Ndiyo maana mtu akiniambia "nilijaribu kusikiliza tumbo langu nikanenepa", kwanza namuuliza alikuwa analipa nini la kupima. Githeri na sukuma wiki humpa mtu nafasi ya kushiba. Soseji na soda zinamaliza safari kabla saa haijalia.

Maneno tuliyo nayo

Wanaofundisha ulaji huu kwa Kiingereza hutumia kipimo cha 1 hadi 10: moja ni njaa ya kuzimia, kumi ni kushindwa kuinuka. Nilikijaribu nikachoka. Nilikuwa nimetoka kwenye nambari, narudi kwenye nambari?

Kilichonisaidia kilitoka kwa rafiki yangu wa chuo, mtoto wa Mombasa, niliyeishi naye chumba kimoja. Angekula pilau katikati ya sahani, akaisukuma kando na kusema, "Nimekinai, bwana." Mimi mtu wa bara nilidhani ni madaha ya watu wa pwani, na pilau iliyobaki niliimaliza mimi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa alikuwa na neno ambalo mimi sikulitumia.

Fikiria maneno haya. Njaa ni tumbo kudai, na chakula chochote kitafaa, hata kiporo cha maharagwe. Hamu ni ulimi kudai, na unadai kitu kimoja tu. Uchu ni hamu iliyopanda kichwani. Upande wa pili, kukinai ni kile chakula kupoteza utamu wake mdomoni huku bado kipo kwenye sahani. Kushiba ni tumbo kusema limepata. Kuvimbiwa ni kushika ukuta ukitafuta pa kukaa. Mimi nilijua njaa na kuvimbiwa tu. Katikati ya hapo nilikuwa kipofu. Wahenga walishaonya pande zote mbili: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza.

Kwa hiyo sasa sijipimi kwa nambari. Kabla ya kula najiuliza: ni njaa au ni hamu? Ikiwa naweza kula kiporo cha maharagwe, ni njaa, nakula. Ikiwa nataka mandazi tu, ni hamu, na mara nyingine naila hiyo hamu pia, lakini najua ninachofanya. Katikati ya sahani nasimama kidogo, naweka kijiko chini, nasubiri kukinai. Hakuna zaidi. Na kipakatalishi kinafungwa. Hilo sina mjadala nalo.

Tatizo la mama

Haya, nadharia imekwisha, twende nyumbani. Jumapili, meza imejaa, nimeweka kijiko chini.

"Mbona umeacha? Chakula hakijakupendeza?"

"Ni kitamu, mama. Nimeshiba."

"Umeshiba nini na hata hujala?"

Hapa hakuna programu itakayokuokoa. Mama alilelewa katika nyumba ambayo kuna miaka chakula hakikutosha. Kwake yeye sahani iliyobaki kitu ni tusi kwa mpishi na kwa Mungu. Na mimi nilifundishwa nikiwa na miaka minne kwamba mlo huisha sahani inapoonekana chini, nikaambiwa kuna watoto wanaolala njaa. Ni kweli wapo. Lakini somo lile lilinifundisha kumwamini aliyepakua na kuacha kuliamini tumbo.

Nilipata njia. Napakua kidogo sana mwanzoni, kijiko kimoja cha kila kitu. Halafu mama akisema ongeza, naongeza, na anafurahi kwamba nimeongeza. Kiasi ni kilekile. Utaratibu ndio umebadilika. Watumiaji wa mifumo yetu huwa hivyohivyo, si ndiyo?

Mipaka

Sasa kabla hamjanichukulia kama mhubiri, kuna mambo matatu.

La kwanza ni baba. Anayetumia insulini hawezi kula kwa kufuata njaa peke yake. Akidunga sindano asile, sukari inashuka na anaweza kuzirai. Yeye anafuata saa ya ukutani na maagizo ya daktari, na ndivyo inavyotakiwa. Mtu mwenye historia ya kujinyima chakula au kula kupita kiasi bila kujizuia naye asifuate makala ya mwandishi wa programu. Amwone mtaalamu.

La pili, hii si njia ya haraka. Evelyn Tribole na Elyse Resch, Wamarekani walioeneza ulaji wa namna hii kwa kitabu chao cha mwaka 1995, wenyewe husema lengo lao si kupunguza uzito bali kupatana na chakula. Tena ukipungua, mwili unapinga: leptini inashuka, njaa inaongezeka. Saa inaanza kulia mapema kuliko zamani. Anayekuahidi vinginevyo anauza kitu.

La tatu, naongea juu ya njaa kama kitu cha kusikiliza kwa sababu nina jokofu. Kuna mtu katika mtaa wangu ambaye njaa kwake si ishara ya kutafsiri, ni habari ya siku nzima. Nikisahau hilo nitakuwa naandika upuuzi.

Na kile nilichochukua kwa Walker? Ni mizani na hesabu moja ndogo. Uzito hupanda na kushuka kila siku kwa sababu ya maji na chumvi, kwa hiyo nambari ya leo haina maana ikiwa peke yake. Walker anafundisha kuulainisha: chukua mwelekeo wa jana, ongeza sehemu moja ya kumi ya tofauti kati yake na uzito wa leo. Mistari miwili ya msimbo. Mizani inafuatilia tu kila asubuhi, lakini haipewi ruhusa ya kuamua nile au nisile. Mwelekeo ukipanda wiki tatu mfululizo, sipunguzi chakula. Naangalia usingizi wangu, naangalia nilichokuwa nakula, naangalia nilikuwa nakila wapi. Mara zote hadi sasa jibu limekuwa mojawapo ya hayo matatu.

Imepita miezi 14. Mwelekeo unasoma kilo 77. Kwa miezi mitatu haujasogea, na huenda ndipo nitakapobaki. Zile 67 za chuo zilikuwa za mkopo uliochelewa na chai ya rangi, siziombolezi. Presha ya mwisho ilikuwa 126 juu ya 81. Mhudumu alikuwa yuleyule. Aliniuliza natumia programu gani.

Haya, saa saba na nusu hii na tumbo limeanza kudai. Nimejiuliza, hata maharagwe ya jana yatafaa. Nafunga mashine. Sehemu ya pili ya hifadhidata ni wiki ijayo, naahidi.